Vichekesho vimezeeka, dai halijazeeka

Zipo filamu za kuchekesha ambazo ukizirudia baada ya miaka mingi, unabaki kujiuliza ulikuwa ukicheka nini. Juma lililopita niliirudia moja, iitwayo 9 to 5, iliyotolewa Marekani mwezi Desemba 1980.

Kwa wasioijua, jina hilo ni saa za kazi ya ofisini: tatu asubuhi hadi kumi na moja jioni. Wahusika wakuu ni wanawake watatu. Judy (Jane Fonda) ameachwa na mumewe na ndiyo kwanza anaanza kazi. Violet (Lily Tomlin), mjane mwenye watoto wanne, huwafundisha kazi wanaume ambao kesho wanakuwa wakubwa wake. Doralee (Dolly Parton, katika filamu yake ya kwanza) ni katibu muhtasi anayesengenywa ofisi nzima kwamba ni hawara wa bosi, naye hana habari. Bosi mwenyewe ni Bwana Hart, aliyeigizwa na Dabney Coleman.

Hadithi hii haikuzuka hewani. Mwaka 1973 makarani wa kike wa mji wa Boston walianzisha chama chenye jina hilo hilo kutetea haki zao. Fonda alikuwa rafiki wa mmoja wa waanzilishi, na watengenezaji wa filamu waliwasikiliza makarani wenyewe kabla ya kupiga picha.

Je, bado inachekesha? Nitasema kweli: si yote. Kile kisa cha kuiba maiti hospitalini, tena maiti isiyo yao, kinavutwa mno. Mzaha wa mwisho kuhusu watu wa Amazon leo unakera. Na kijana wa sasa atashangaa kuona mashine za chapa zimejaa chumba kizima.

Lakini Violet anaponyimwa cheo kwa sababu eti wateja hupenda kuzungumza na mwanamume yanapofika mambo ya hesabu, sikucheka kama zamani. Nilinyamaza.

Halafu linakuja jambo lenyewe. Wanawake hao wanamfungia Hart nyumbani kwake na kuiendesha ofisi kwa jina lake. Wanaweka saa za kazi zinazobadilika, wanaruhusu watu wawili kugawana nafasi moja, wanafungua chumba cha kulelea watoto, na wanalipa mshahara sawa. Kazi inasonga kuliko zamani. Mwenyekiti wa kampuni anafika, anafurahi, na sifa zote zinamwendea Hart. Kisha anamnong'oneza: yote mazuri, ila hilo la mshahara sawa liondolewe.

Kumbukeni, wakati huo sheria ya Marekani ya mshahara sawa ilikuwa na umri wa miaka 17, maana ilipitishwa mwaka 1963. Hata hivyo, kwa kila dola aliyopata mwanamume wa kazi ya kudumu, mwanamke alipata kama senti 60. Mwaka 2023 zilifika kama senti 83. Ni hatua, lakini baada ya miaka zaidi ya 40, senti 17 zilikuwa bado njiani.

Basi jibu langu ni kwamba filamu hii imesimama. Laiti ingekuwa imezeeka yote, ningefurahi zaidi.