Kuchora moto kwa kompyuta: kwa nini mwali hugeuka jani jekundu

MOTO ni miongoni mwa vitu vinavyowashinda wachoraji wanaotumia programu za vekta, kama vile CorelDRAW, Adobe Illustrator na Inkscape, ambayo hupatikana bure. Programu hizi hazijengi picha kwa nukta kama kamera; huhifadhi umbo kwa mistari inayokokotolewa kihesabu, na kila mstari ni mpaka. Mwali wa moto hauna mpaka. Ndiyo maana miali mingi katika mabango ya nyama choma hufanana na majani mekundu.

Kabla ya kuwasha kompyuta, yafaa kuutazama mshumaa. Chini kabisa pana ubuluu hafifu, kandokando ya utambi pana kiza, na juu yake pana manjano inayong'aa, ambayo ni nuru ya chembe za masizi zilizopata joto kali. Katika moto mkubwa, wekundu hukaa pembezoni na kwenye ncha, unakopoa. Wachoraji wengi huweka wekundu huo katikati, na hapo ndipo kazi huharibika.

Anza na usuli unaokaribia weusi. Chora umbo la nje kwa rangi nyekundu iliyoiva, ncha zake zikipinda kwa namna zisizolingana. Ndani yake weka umbo dogo la rangi ya chungwa, kisha la manjano, na mwisho doa linalokaribia weupe, lililo chini kidogo ya katikati. Kisha tumia zana ya kuzalisha maumbo ya kati baina ya rangi mbili, au utie ukungu kingoni, mwingi nje na kidogo ndani. Illustrator ina pia wavu wa rangi, uliokuja na toleo la nane mwaka 1998. Hutoa matokeo mazuri, ila wadai subira.

Tatizo kubwa huja kiwandani. Skrini hutoa nuru, ilhali wino huifyonza. Chungwa lililowaka kwenye kompyuta hutoka limefifia kama tofali. Heri kuchora tangu mwanzo kwa mfumo wa wino nne za uchapaji, na kuuacha weupe wa karatasi uwe kiini cha moto. Na kama kazi ni ya stika za kukatwa kwa mashine, ukungu wote ni bure: kisu hufuata mstari tu. Hapo bakiza maumbo matatu yenye kingo kali.