Hila za Sheria: Kutoka Mlango wa Zaka Hadi Katiba ya Tunisia

 

Wanafunzi wa fikihi wanalijua suala la mtu ambaye mwaka wa mali yake ukikaribia kutimia humpa mkewe mali hiyo kwa hiba, kisha hurudishiwa, ili zaka isimwajibikie. Masharti ya hiba yametimia yote. Lakini kilichokusudiwa si hiba. Hii ndiyo hila, na Imam Bukhari ameitengea kitabu katika Sahihi yake, akakifungua kwa hadithi ya nia. (Wako wanachuoni, hasa wa Kihanafi, walioruhusu hila za kumtoa mtu katika dhiki bila ya kupoteza haki ya mwingine. Hizo si mazungumzo yetu.)

Sasa tutazame Tunisia. Kais Saied, mwalimu wa sheria ya katiba, alichaguliwa Rais mwaka 2019 kwa zaidi ya asilimia 72 ya kura. Tarehe 25 Julai 2021 alitumia kifungu cha 80 cha Katiba ya 2014, kinachohusu hali ya hatari. Kifungu hicho kilitaka Bunge libaki katika kikao muda wote wa hatari, yeye akalisimamisha. Kilitaka pia kwamba baada ya siku 30 Mahakama ya Katiba iweze kuombwa iamue kama hatari ingalipo. Mahakama yenyewe haikuwapo! Wabunge walishindwa kwa miaka kukubaliana juu ya majaji wake, na lawama hiyo haiwaepuki ndugu zetu wa Ennahda. Walipopitisha marekebisho ya kurahisisha kuundwa kwake, Rais aliyarudisha Aprili 2021 kwa hoja kuwa muda uliowekwa na katiba umekwisha.

Yaliyofuata yalikuja kwa amri zilizotiwa saini. Februari 2022 Baraza Kuu la Mahakama likavunjwa, Juni majaji 57 wakafukuzwa, na Julai katiba mpya ikapigiwa kura ya maoni. Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 30 tu.

Wapo wasemao: maadamu kuna kifungu na saini, raia hana la kuuliza. Kwa mizani ya fikihi kauli hii ni dhaifu. Imam Shatibi katika al-Muwafaqat ameeleza kwamba mwenye kuitumia hukumu kwa lengo lisilowekewa, amali yake ni batili. Kifungu cha 80 kiliwekwa kulilinda dola pamoja na Bunge lake.

Katiba ya 2022 nayo ina kifungu cha hali ya hatari, cha 96. Sharti la siku 30 na mahakama halimo.