Reli na malori: tahadhari kwa wasafirishaji wa Mbarara na Nakivale

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

Mji wa Mbarara hauna reli, wala makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro. Dereva anayepakia mahindi, maharagwe au ndizi huku anaweza kufanya kazi mwezi mzima bila kuona treni. Lakini mzigo ukivuka Kampala kuelekea Jinja, Tororo na Malaba, anaingia katika ukanda wa reli ya Mombasa. Hapo mazoea ya nyumbani humponza.

Ajali za aina hii zimeshatokea katika nchi jirani. Oktoba 2013, basi liligongana na treni eneo la Mutindwa, Nairobi, na abiria zaidi ya 10 wakafariki. Juni 2018, basi jingine liligongwa na treni eneo la Gungu, Kigoma, na watu 10 wakapoteza maisha.

Hesabu ya sekunde 15

Treni ya mizigo ikifunga breki huweza kuhitaji kilomita moja au zaidi kabla ya kusimama, tena haina pa kukwepea. Ndiyo maana yenyewe ndiyo hupewa njia.

Lori lenye trela lina urefu wa mita 17 hivi. Likiondoka baada ya kusimama, linahitaji kusogea kama mita 30 ili mkia wake utoke relini salama. Kwa gia nzito na mzigo kamili, hizo ni sekunde 15 hivi. Katika muda huo treni ya mwendo wa kilomita 40 kwa saa hukata zaidi ya mita 160. Kichwa cha lori kinaweza kuvuka, trela likagongwa.

Mambo ya kuzingatia

- Punguza mwendo mapema, zima redio, fungua dirisha. Angalia pande zote mbili na usikilize honi.
- Kukiwa na foleni, usiingie relini mpaka uone nafasi ya kutosha lori lote ng'ambo ya pili.
- Chagua gia nzito kabla ya kuvuka na usiibadilishe ukiwa juu ya reli.
- Treni ikishapita, angalia tena. Kwenye njia mbili, ya pili inaweza kuwa imefichwa na ya kwanza.
- Usiamini kutu. Treni ya abiria ya Kampala hadi Namanve ilirudi Desemba 2015 baada ya miaka mingi ya kimya.

Lori likizimika relini, watu wote washuke kwanza. Sogeeni mbali na reli, mkielekea upande treni inakotokea ili vyuma visiwafuate. Piga simu polisi au kituo cha reli. Kama treni haijaonekana, utingo atangulie kando ya reli akapunge kitambaa, au tochi usiku. Mzigo uacheni.

Mwenye mali naye ana sehemu yake. Anayempigia dereva simu kila nusu saa akimhimiza awahi Malaba ndiye anayemsukuma aikimbilie reli. Gunia la mahindi likichelewa dakika tano kwenye reli litauzwa bei ile ile. Likigongwa, hasara ni ya lori, ya mzigo na ya familia ya dereva.