KUMBUKUMBU YA KOMPYUTA IPIMWE KABLA YA KUNUNUA YA ZIADA

Wananchi wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, wenye kompyuta majumbani mwao wanashauriwa kuchunguza kwanza sababu ya kompyuta kuwa nzito kabla ya kutoa fedha kununulia kumbukumbu ya ziada. Mtu anayetoka Haydom au Katesh kufuata kifaa hicho Babati au Arusha hulipa nauli juu ya bei, na huenda akarejea nacho akaukuta uzito ni ule ule, kwa kuwa kumbukumbu haikuwa na upungufu.

Ifahamike kwamba kumbukumbu na diski ni vitu viwili mbali mbali. Diski ni mithili ya ghala, ambamo mahindi huhifadhiwa mwaka mzima. Kumbukumbu ni mithili ya uwanja ambapo mahindi hayo hupukuchuliwa. Uwanja ukijaa, kompyuta hulazimika kupeleka baadhi ya kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi, na hapo ndipo uzito huanza.

Kwa kompyuta zinazoendeshwa kwa Windows 10 au Windows 11, upimaji ufanywe kama ifuatavyo:

(i) Programu zote zinazotumiwa pamoja siku za kawaida zifunguliwe.

(ii) Vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vibonyezwe kwa pamoja, kisha ichaguliwe sehemu iliyoandikwa "Performance", na ndani yake "Memory".

(iii) Asilimia inayoonekana iangaliwe wakati kazi inaendelea. Ikiwa muda mwingi inazidi 80, na kompyuta inakwama kila inapohamishwa programu, kumbukumbu ni haba. Ikiwa haifiki hata 60, kuiongeza hakutaleta nafuu.

(iv) Sehemu ya "Disk" nayo itazamwe. Diski ikidumu kwenye asilimia 100 ilhali kumbukumbu ina nafasi, tatizo limo katika diski. Aidha, virusi navyo vichunguzwe.

Iwapo kumbukumbu itakutwa haba, tiba isiyo na gharama itangulie, nayo ni kuzuia programu zinazojifungua zenyewe kompyuta inapowashwa. Hali isipobadilika, ndipo inunuliwe. Windows 11 huhitaji gigabaiti 4 kwa uchache, na kwa kazi za barua, hesabu na intaneti gigabaiti 8 hutosha kwa kawaida.

Mnunuzi ahakikishe aina ya kumbukumbu inayohitajika, kwani ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Pia baadhi ya kompyuta za mkononi zina kumbukumbu iliyounganishwa moja kwa moja na ubao wake, na haiongezeki.

Inasisitizwa kwamba asilimia zilizoonekana, ukubwa wa kumbukumbu iliyopo na aina yake viandikwe kwenye karatasi, na karatasi hiyo ichukuliwe dukani. Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.