Jina la mtoto: tuchunge maana kabla ya urembo wa herufi

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mzazi mmoja wa hapa Tabora alitujia baada ya swala ya Ijumaa akiwa na karatasi za mwanawe. Cheti cha kuzaliwa kinasema Nuuryh, shuleni aliandikishwa Noor, na madrasa anaitwa Nuru. Ilimbidi mzazi huyo aape mbele ya wakili kwamba hao watatu ni mtoto mmoja. Akatuuliza: yana hukumu gani majina wanayoitwa wavulana na wasichana pia, na kuyaandika kwa namna ya kipekee?

Ama jina la pamoja, hatuoni ubaya ndani yake. Asma bin Haritha alikuwa sahaba mwanamume, na Asma binti Abubakar ni mwanamke. Hind bin Abi Hala, mwana wa Bibi Khadija, alikuwa mwanamume, na Hind binti Utba ni mwanamke. Nuru na Imani ni vivyo hivyo.

Ama maandishi, wapo wasemao jina lisitoke nje ya Kiarabu chake, na wapo wasemao mzazi ana hiari kamili. Sisi tunashika njia ya kati. Majina haya yalipopanda na misafara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, na kuendelea Ujiji, yalipita katika ndimi za watu. Khamis akawa Hamisi, Uthman akawa Athumani, Rajab akawa Rajabu. Wazee wetu hawakutafuta urembo. Walitaka jina litamkike, na maana ikabaki. Nyongeza za leo zinafuata jicho, si ulimi. Mwalimu akilisoma jina hajui alitamke vipi, na mtoto hutumia umri wake kulisahihisha.

Tena herufi hubeba maana. Mtume (s.a.w.) alimbadilishia jina mwanamke aliyeitwa Asiya, akamwita Jamila, kwa kuwa Asiya ile, yenye ain na swad, maana yake ni muasi. Asiya mke wa Firauni, mwanamke mwema, jina lake lina alifu na sini. Kwa herufi zetu za Kiswahili yote mawili huandikwa sawasawa. Basi mzazi amuulize mjuzi juu ya maana kabla ya siku ya saba, siku ya akika.

Jambo la mwisho ni zito zaidi: mirathi. Akifa mtu, na katika orodha ya warithi pameandikwa Imani Rajabu peke yake, mgawaji atajuaje ni mwana au ni binti? Na Qur'an (4:11) imempa mtoto wa kiume fungu la mabinti wawili. Wazee walikwisha tupa dawa: Imani bin Rajabu, Imani binti Rajabu. Neno hilo dogo, ambalo vijana wanaliona la kizamani, huzuia ndugu kufikishana mahakamani.

Tunawausia wazazi: chagueni jina lenye maana njema, liandikeni linavyotamkwa, litieni bin au binti, na liwe hilo hilo katika kila karatasi. Hiyo ni haki ya mtoto juu yenu, na amana mtakayoulizwa.

Wabillahi tawfiq.