Je, Wajua? Udongo, Moto na Wosia wa Marehemu

Je, wajua kwamba ukimuuliza mtu wa Mkwiro kama angependa maiti yake ichomwe, utajibiwa "Audhubillahi" kabla hujamaliza swali? Huku ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini jambo lilikwishaamuliwa zamani: kuoshwa, sanda, sala ya maiti isiyo na rukuu wala sijida, kisha mavani. Maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso kibla, ndani ya mwanandani, na viunza hupangwa ndipo udongo urudishwe, usimwangukie mwenyewe. Kuchimba nako si mchezo, maana kisiwa chote ni mwamba wa matumbawe; mtaimbo hutangulia jembe. Lakini swali latufikia vivyo hivyo, kupitia kwa jirani wa Diani, mwajiri, mkwe, au mwana aliyelowea Ulaya.

Je, wajua kuchoma maiti hakukuletwa Kenya na meli? Katika Pango la Mto Njoro, upande wa Nakuru, Mary na Louis Leakey walichimba mwaka 1938 wakakuta mabaki ya watu wapatao 80 waliochomwa miaka kama 3,000 iliyopita, wakiwa na vibakuli vyao vya mawe na shanga. Basi anayesema hiyo ni mila ya Wahindi peke yao, mwambie aanzie Njoro.

Na kaburi kongwe kuliko yote yanayojulikana Afrika liko Pwani yetu hii hii: Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi. Ni la mtoto wa miaka kama mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, magoti yamekunjwa kifuani, na dalili zaonyesha kuwa alifungwa ndani ya kitu kabla ya kufukiwa. Alilazwa kwa ubavu wa kulia. (Naam, wa kulia. Tusijenge hoja juu yake.)

Je, wajua yanayoitwa majivu si majivu hasa? Tanuri la kisasa hufika nyuzi 760 hadi 980 za Selsiasi, na kwa saa mbili hivi nyama yote huondoka. Hubaki vipande vya mifupa, navyo husagwa kwa mashine hadi viwe unga mweupe wa kijivu, kilo mbili au tatu. Aliyewekewa kifaa cha umeme cha kuongoza mapigo ya moyo hutolewa kifaa hicho kwanza. Betri yake hulipuka motoni. Kwa kuni ni habari nyingine: mwili mmoja hula kilo 400 hadi 600. Kisiwani petu, zingetoka wapi isipokuwa mikokoni?

Hesabu ya kuni na mbao ilimkera mtetezi wa mazingira Wangari Maathai hadi mwisho. Alifariki Septemba 2011, na wosia wake ulikuwa asizikwe katika jeneza la mbao. Alitengenezewa la mianzi, mafunjo na magugu maji, akaagwa kitaifa katika bustani ya Uhuru, kisha akachomwa Kariokor, Nairobi. Wengi walishtuka, ingawa hakuwa wa kwanza: Askofu Mkuu mstaafu wa Kianglikana, Manasses Kuria, alichomwa mwaka 2005, na mkewe Mary alimtangulia kwa njia hiyo hiyo mwaka 2002. Waliomfuata Maathai ni pamoja na mwanasiasa Kenneth Matiba, 2018, na Bob Collymore wa Safaricom, 2019.

Kanisa Katoliki? Liliruhusu mwaka 1963. Mwaka 2016 likaongeza masharti: majivu yasimwagwe baharini, yasigawanywe kwa jamaa, yasiwekwe kabatini nyumbani.

Kwa Waislamu, hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari na Muslim yasimulia mtu aliyewausia wanawe wamchome na majivu yake wayatawanye, kwa kuogopa hesabu ya Mola wake. Mungu akamkusanya, akamuuliza kilichomsukuma, akamsamehe. Masheikh hawaichukui kuwa ruhusa ya kuchoma. Wanaisoma kuwa habari ya hofu na rehema. Na anayechomwa bila ridhaa yake hana dhambi. Hilo si jambo la vitabuni tu: Sri Lanka ililazimisha maiti wote wa Korona wachomwe, Waislamu wakiwemo, tangu 2020 hadi Februari 2021, japo Shirika la Afya Duniani lilisema kuzika hakuna neno. Serikali iliomba radhi mwaka 2024.

Mwisho, je, wajua kwamba kwa sheria ya Kenya maiti si mali, hivyo huwezi kumrithisha mtu mwili wako kama shamba? Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka azikwe Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukataka Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa chumba cha maiti miezi mitano mawakili wakivutana. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga. Mahakama husikiliza alichotaka marehemu, lakini hailazimiki kukifuata. Kwa hiyo anayetaka moto, au anayeukataa, karatasi peke yake haitoshi: na awaambie watakaoubeba mwili, wote wakiwa wamekaa pamoja, mkwe na ami wakiwemo.