Usibomoe daraja wakati wenzako bado wanavuka

UNAIKUMBUKA ile noti ya zamani ya Sh1,000? Juni 1, 2019, siku ya Madaraka, Gavana wa Benki Kuu wakati huo, Dkt Patrick Njoroge, alitangaza noti mpya na kusema ile ya elfu moja ya zamani ingekoma kutumika Septemba 30. Zile ndogo, kuanzia hamsini hadi mia tano, ziliachwa ziendelee kutumika pamoja na mpya.

Watu walipewa miezi minne. Walipiga foleni benki wakabadilisha. Siku ilipofika, noti zaidi ya milioni saba hazikuwa zimerudi, zikabaki karatasi tu. Lakini hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa.

Nakupa stori hii kwa sababu mimi niliwahi kufanya vibaya kuliko hapo. Nilifuta noti usiku, kimya kimya, na rafiki yangu ndiye aliyelipa.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, nikajifundisha kuandika kodi. Si ile ya landilodi, ingawa hii ndiyo hunisaidia kulipa hiyo. Katika kazi hii kuna kitu tunaita laibrari. Ni mkusanyiko wa kodi iliyoandikwa tayari ili wewe usianze kila kitu kutoka sufuri. Ndani yake kuna mbinu, na kila mbinu ina jina lake na kazi yake. Unaita jina, kazi inafanyika.

Laibrari yangu ilikuwa ndogo tu, ya kusafisha nambari za simu. Si unajua Wakenya? Mmoja anaandika 0722, mwingine anaanza na +254, mwingine anaacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu. Mbinu yangu, niliyoiita safisha, ilizipanga zote ziwe za mtindo mmoja. Niliiweka mtandaoni bure, na wasee wachache wakaanza kuitumia.

Baadaye nikagundua nimekosea. Niliandika kana kwamba kila simu ya mkononi huanza na 07, nikasahau zile za 01 zilizoanza kutolewa 2019. Nikaandika mbinu mpya, nikaiita sawazisha. Ilikuwa nzuri zaidi, manake ilikuambia hata kama nambari ni halali au la. Nikafuta safisha, nikapandisha toleo jipya, nikalala nikijipongeza.

Rafiki yangu alikuwa na kibarua cha kukumbusha wanachama wa chama fulani kutoa mchango wao kwa meseji. Programu yake ilikuwa ikivuta toleo jipya la laibrari yangu yenyewe. Usiku huo ikaita safisha, haikuipata, ikazima. Meseji hazikutoka. Siku ya mchango ikafika, nusu ya wanachama hawana habari, mweka hazina akawaka moto. Kufikia Ijumaa kibarua kilikuwa kimeenda.

“Buda, hata ungenitumia tu meseji,” aliniambia. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniuma.

Sasa wewe unayeandika kodi, au unayepanga kuanza, sikiza nilichofaa kufanya.

Kwanza, jina la zamani liache liendelee kufanya kazi. Ningeiacha safisha pale pale, lakini ndani yake iite sawazisha na kumrudishia mtu jibu kwa umbo lile lile alilozoea. Hapo ndipo wengi huteleza. Jina wanaliacha, lakini jibu linakuja na sura mpya. Kama jana ulinipa nambari peke yake, usiniletee leo nambari na maelezo mengine juu. Programu yangu haitajua ifanye nini nayo.

Pili, onya, na onyo liwe na msaada. Lugha ya Python ina zana ya kazi hiyo inayoitwa warnings. Onyo zuri linasema mambo matatu: mbinu gani inaondoka, itumike gani badala yake, na itaondolewa katika toleo lipi. Ukiandika stacklevel=2, onyo litaelekeza kwenye mstari wa yule aliyeita mbinu yako, si kwenye kodi yako wewe. Usipofanya hivyo, mtu ataambiwa kuna shida na hatajua aitafute wapi.

Tatu, toa muda. Python yenyewe ina kanuni kwamba kitu kinachoondolewa lazima kwa kawaida kitolewe onyo kwa angalau matoleo mawili kabla hakijafutwa. Na kufuta kwenyewe, laibrari nyingi hungoja nambari ya kwanza ya toleo ibadilike. Ukiona kitu kimetoka 1 kikaenda 2, kaa chonjo.

Mfano mzuri ni pandas, laibrari inayotumiwa sana na watu wa data. Ilikuwa na mbinu ya append, ya kuongeza mstari kwenye jedwali. Watu waliipenda kwa urahisi wake, lakini kila ulipoongeza mstari mmoja ilinakili jedwali zima upya. Ukiwa na mistari maelfu, kompyuta inahema. Januari 2022, toleo 1.4 likaanza kumwonya kila aliyeiita, likimwelekeza atumie concat. Iliondolewa Aprili 2023, katika toleo 2.0. Zaidi ya mwaka mzima wa kuambiwa.

Hata wakubwa hubahatisha muda. Python 3 ilitoka Desemba 2008 na ilibadilisha mambo kusudi, hata namna ya kuandika neno kwenye skrini. Python 2 ilipangiwa kustaafu 2015. Watu hawakuwa wamehama, tarehe ikasogezwa hadi Januari 1, 2020. Miaka 11 na kitu! Katikati hapo, laibrari iitwayo six iliwasaidia wengi kuandika kodi moja iliyofanya kazi pande zote mbili. Jina lenyewe ni hesabu tu: mbili mara tatu.

Utaniuliza, si basi tuache kila kitu cha zamani milele? Java imejaribu. Kuna njia za kuunda tarehe zilizowekewa alama ya kuachwa tangu 1997, na hadi leo zipo. Kodi ya kale bado inafanya kazi, sawa, lakini kila anayeanza leo anakutana na milango miwili, mmoja ukiwa na bango la usipite hapa. Na kuna mtu lazima autunze huo mlango. Kama laibrari ni yako peke yako na unaiandika usiku baada ya kibarua, mzigo huo utauhisi.

Na wewe unayetumia laibrari za wengine, usijitoe. Rafiki yangu mwenyewe alikubali kwamba hakuwa ameandika toleo kamili alilotaka, ndiyo maana programu ikavuta lolote lililokuja. Taja nambari kamili kwenye requirements.txt. Pia jua kwamba Python huficha maonyo mengi ya aina hii, ati isikusumbue. Kabla ya kuhamia toleo jipya, endesha majaribio yako kwa python -W error, kila onyo ligeuke kosa ulione mapema.

Mimi nilirudisha safisha wiki ile ile. Bado ipo. Ukiiita, inafanya kazi, na inakwambia polepole kwamba itaondoka toleo 2 likitoka, na kwamba hilo halitatoka kabla ya mwaka mmoja kuisha. Wote ninaowajua wanaoitumia nimewatumia meseji, mmoja mmoja.

Rafiki yangu alijibu na kidole gumba tu. Siku hizi anasafisha nambari kwa kodi aliyoandika mwenyewe, na sijamuuliza kama atawahi kurudi kwa yangu.

Wewe je, kuna mtu anayetegemea kitu unachopanga kufuta leo? Mwambie kwanza.